Msiba wa Mlaji wa Taifa

Wajukuu zangu, sogezeni mikeka. Ninayoyasimulia yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake nimelisahau, na hata likinijia nitalisahau tena, maana baadhi yenu mnatafuta kazi serikalini.

Ilikuwa nchi ndogo isiyo na makuu. Watu walilima, walichimba visima, walikula ugali wa dona kwa mlenda, wakalala. Basi siku moja redio ikatangaza kwamba nchi imekua. Watu wakatoka nje kuangalia. Mlima ulikuwa palepale, mto palepale, na aliyelala chini jana alikuwa amelala chini na leo. Wakamuuliza Waziri wa Ukuaji, Mheshimiwa Lukanda, nchi imekulia upande gani. Akajibu kwamba ukuaji ni kama nywele, hazionekani zikiota, zinaonekana zikinyolewa. Watu wakapiga makofi kwa sababu hawakuelewa.

Shida yake Mheshimiwa ilikuwa benchi. Kwenye mkutano mkuu wa dunia, nchi maskini hukaa kwenye benchi, nchi za kati hukaa kwenye viti vyenye egemeo, na nchi tajiri hukaa kwenye sofa. Mheshimiwa Lukanda alikuwa amekaa benchi miaka na miaka, mgongo unamuuma, macho kwenye sofa. Akawa anachunguza hawa wa sofa wana nini ambacho yeye hana. Akasikia wanavyozungumza wakati wa chai: huyu ana sukari, yule ana presha, mwingine moyo wake umezungukwa na mafuta. Akajitazama. Nchi yake nzima ilikuwa na kuhara na minyoo. Akarudi nyumbani amesawijika.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "hatuwezi kuketi na watu wazima huku tumebeba minyoo. Minyoo ni ugonjwa wa benchi. Kuanzia leo, kila mzalendo ajitahidi kuugua kisasa."

Mambo yakaanza. Mlenda, kisamvu, mchicha na dona vikaitwa vyakula vya aibu, vikapigwa marufuku. Badala yake yakaletwa machipsi, masoseji, mikate myeupe laini kama godoro, na soda. Maofisa Harufu wakapita mtaa kwa mtaa wakinusa madirisha ya jikoni. Mama mmoja alikutwa anatwanga kisamvu, akasema anawatwangia sungura. Ofisa akangoja mpaka jioni aone sungura wanakulaje kwa kijiko.

Kutembea kwa miguu nako kukawa kosa la kuchafua sura ya nchi. Ukitaka kwenda kwa jirani, usubiri gari. Watu walisubiri gari la kuwapeleka chooni. Na hospitalini, mwenye kuhara aliingizwa mlango wa nyuma, kafunikwa kanga asionekane, lakini mwenye presha alipewa kitanda cha dirishani, shuka jipya, na wapita njia walimpungia mkono.

Kitendawili. Itikieni, msinikodolee macho. Haya: kiranja kanenepa, darasa limekonda. Hamjui? Nipeni mji. Basi jibu ni tumbo na miguu, kwa mtu aliyekula sana bila kutembea. Nimekitunga mwenyewe, msikitafute kwenye kitabu.

*

Nchi ilihitaji mtu wa mfano. Hapo ndipo anapoingia Bwana Chambuso.

Chambuso alikuwa mchimba visima. Mwembamba kama kamba ya ndoo, lakini mlaji. Kuchimba kisima kunatia njaa, na yeye alikuwa hajui kuficha njaa yake. Siku moja harusini aliwekwa kwenye sinia la pilau pamoja na wenzake, na wenzake waliporudi kutoka kunawa mikono wakakuta sinia linang'aa. Wao walikasirika. Mheshimiwa Lukanda, aliyekuwa meza ya pili, alitokwa na machozi ya furaha.

Wiki ileile Chambuso akaapishwa kuwa Mlaji wa Taifa. Aliapa akiwa ameshika paja la kuku mkono wa kulia: "Nitakula bila woga wala upendeleo." Picha yake ikabandikwa kila ukuta. Daraja likijengwa, hakuna tena kukata utepe. Chambuso analetwa, anawekewa meza katikati ya daraja, anamaliza kuku, daraja limefunguliwa. Walifungua hivyo shule, barabara na kituo cha polisi. Mkewe, Bi Tunu, akaletewa friji kubwa kuliko chumba, ikabidi chumba kijengwe upya kuizunguka.

Mwanzoni ilikuwa raha. Halafu Chambuso akaanza kuwa na kiu. Anakunywa mtungi mzima, bado kiu. Anaamka kwenda haja, anarudi, hajajifunika, anaamka tena. Macho yakawa na ukungu. Kisha kidonda kikatokea kwenye wayo wa mguu wa kushoto, na kikakaa, hakitaki kupona.

Bi Tunu akampeleka zahanati kwa Dokta Hiza. Dokta akapima, akafunga dirisha, akafunga mlango, akaziba tundu la kitasa kwa pamba.

"Mzee Chambuso, ni sukari. Iko juu kama bendera," alinong'ona.

"Dawa?"

"Dawa nitakupa. Lakini dawa peke yake haitoshi. Acha soda. Acha hiyo mikate. Ule..." Akatazama kulia na kushoto. "Ule dona na mboga za majani. Na utembee."

"Dokta, unataka nifungwe?"

"Nataka ubaki na mguu. Kidonda hiki kikipata sherehe nyingine moja ya kula, mguu huu utakaa hapa kwangu, wewe uende nyumbani bila huo."

Bi Tunu akauliza, "Sherehe nyingine moja ni ipi?"

Wote waliijua. Ilikuwa Siku ya Ukuaji, iliyokuwa inakuja mwezi ule. Wapimaji kutoka nchi za sofa wangekuja kuona kama nchi inafaa kupandishwa kwenye kiti chenye egemeo, na mbele yao Chambuso alitakiwa kula Mlo wa Daraja: kuku wanane, ndoo ya chipsi, mnyororo wa soseji wenye urefu wa mlingoti wa bendera, keki ya umbo la ramani ya nchi, na soda za kushushia.

Kitendawili kingine, wajukuu zangu. Mgeni nilimkaribisha kwa soda, akaaga na kidole changu. Hicho mmekijua, naona mnaficha miguu.

*

Bi Tunu akaenda wizarani kumwombea mumewe apumzike. Mheshimiwa Lukanda alimpokea kwa mikono miwili.

"Sukari? Kweli? Amepimwa?"

"Amepimwa, Mheshimiwa. Na mguu unaweza kukatwa."

Mheshimiwa akasimama. Akaenda dirishani. Akarudi. "Mama," alisema, "unajua nchi ngapi za benchi zimewahi kupoteza mguu kwa ugonjwa wa kisasa? Mguu huo tutaujengea mnara. Watoto wa shule wataletwa wauone."

"Mimi nautaka ukiwa chini ya mume wangu."

"Usiwe mchoyo, mama. Mguu wake sasa ni wa wote."

"Basi ajiuzulu."

"Mlaji wa Taifa hajiuzulu. Sheria inasema anatoka kwa kifo tu. Na kifo lazima kitangazwe na mimi mwenyewe, redioni." Akampa kopo la soda, akamsindikiza mlangoni.

Bi Tunu alirudi nyumbani, kopo mkononi, akiwaza. Alipofika kwake hakuingia ndani. Alilimwaga lile kopo kwenye mtaro, akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya Kilimani. Kwa miguu. Maofisa walipomuuliza anakwenda wapi bila gari, alisema gari limetangulia.

Sasa niwaambie kuhusu Kilimani. Katika nchi ile, watu wa Bondeni, kina Chambuso na Tunu, ni watani wa watu wa Kilimani. Mababu zao walipigana zamani mpaka wakasahau walichokuwa wanapigania, na walipokaa chini kupatana wakakubaliana jambo moja: tangu leo tutatukanana, tutanyang'anyana, na hakuna kukasirika. Mtani anaingia jikoni kwako, anafunua chungu, anakula minofu, anakuachia mchuzi. Ukifiwa ndiyo anakuja hasa. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza anavyotembea, analala kaburini na kukataa kutoka. Nawe unacheka na machozi yako. Mtu anayemkasirikia mtani hapewi tena salamu, wala wanawe hawaolewi.

Serikali ya Mheshimiwa Lukanda ilikuwa imebadilisha kila kitu katika nchi ile, lakini utani hawakuugusa. Walijaribu kuandika sheria ya kuufuta, ila mwandishi wa sheria alikuwa mtu wa Kilimani, akawachora wabunge wote wa Bondeni pembeni ya karatasi wana masikio ya punda. Wakashindwa kukasirika.

Bi Tunu akapiga hodi kwa Mama Sikitu, mkuu wa waombolezaji wa Kilimani.

"Nani huyo?" sauti ikatoka ndani. "Kama ni mtu wa Bondeni, kuku wetu tumeshawafungia."

"Ni mimi, mtani. Kuku wenu wenyewe wamekonda, nani awaibe."

"Karibu, mwizi. Kaa pale penye vumbi. Una nini?"

"Mume wangu anakufa."

"Hatimaye," alisema Mama Sikitu. "Tumemngoja sana. Lini?"

"Siku ya Ukuaji, mchana."

"Yaani nyinyi watu wa Bondeni hata kufa mnaweka miadi."

Bi Tunu hakucheka. Akamweleza yote, kidonda, mguu, mnara, sheria. Mama Sikitu akasikiliza akiwa amefumba macho. Mwisho Bi Tunu akasema, "Nataka mje mumlilie kabla hajafa. Mumlilie pale pale mezani."

Mama Sikitu akafumbua jicho moja.

"Chakula kitakuwepo?"

"Kuku wanane. Ndoo ya chipsi. Na keki."

"Basi marehemu alikuwa mtu mwema sana," alisema Mama Sikitu, akaanza kutafuta viatu vyake.

*

Siku ya Ukuaji uwanja ulijaa. Wapimaji watatu walikaa kwenye hema lenye feni. Watu waliwaonea huruma Wapimaji wale. Wametoka nchi za sofa, lakini walipofungua vikopo vyao vya chakula ndani mlikuwa na majani mabichi, matango na maji. Tena asubuhi walionekana wakikimbia kuzunguka hoteli bila kufukuzwa na mtu. Mheshimiwa Lukanda aliagiza wapelekewe chipsi kwa siri, wasije wakajisikia vibaya.

Kisha akahutubia. "Waheshimiwa wageni, zamani nchi hii ilikuwa na njaa. Leo tuna kiungulia. Zamani mtu alipanda ngazi bila kuhema. Leo, nasema kwa fahari, hata mimi nahema nikiwa nimekaa. Mlaji wa Taifa, anza."

Chambuso akatazama kuku wanane. Kuku wanane wakamtazama. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha rangi za bendera ili usionekane mbaya. Bi Tunu alikuwa nyuma yake, ameshika egemeo la kiti. Chambuso akachukua paja la kwanza, akalinyanyua.

"Uuuwiii, Chambuso wee, umetuachia nani?"

Uwanja mzima ukageuka. Watu wa Kilimani walikuwa wanaingia langoni, wanaume wamejifunga kanga, wanawake wamevaa makoti, mmoja kavaa sufuria kichwani, wanne wamebeba kitanda cha kamba. Mbele yao Mama Sikitu, kajipaka majivu mpaka kwenye nyusi, analia kwa sauti ya kupasua bati.

"Umekufa, mlafi wetu. Nani atatumalizia ubwabwa harusini? Sinia litamwogopa nani sasa?"

Wakapanda jukwaani. Mama Sikitu akampokonya Chambuso lile paja, akaling'ata, akaendelea kulia huku anatafuna. Wengine wakamnyanyua Chambuso, wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka. Wengine wakaishukia meza. Aliyevaa sufuria akaivua na kuijaza chipsi. Mzee mmoja akajaza shati soseji, akaanza kutembea kwa kuyumba, tumbo mbele, anaigiza marehemu anavyofungua daraja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mkuu wa polisi akafika anakimbia, maana yake anatembea haraka kidogo. "Shukeni hapo. Nitawakamata."

"Wewe ni mtu wa wapi?" akauliza Mama Sikitu.

"Wa Bondeni."

"Umekasirika, mtani?"

Mkuu wa polisi alikuwa na mabinti wanne wa kuozesha. Akavua kofia. "Nimekuja kutoa pole," alisema.

Ikabaki kwa Mheshimiwa Lukanda, naye ni mzaliwa wa Bondeni. Alikuwa amevimba, mshipa wa shingo unacheza. Mama Sikitu akamsogelea taratibu, akamfuta jasho kwa ncha ya tai yake mwenyewe Mheshimiwa.

"Na wewe, mtani? Naona kama umekasirika."

Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Mheshimiwa akatazama Wapimaji, akatazama wapiga kura wake wa Bondeni.

"Sijakasirika."

"Sema kama mtu aliyelelewa."

"Sijakasirika hata chembe, mtani wangu."

"Basi toa neno la rambirambi. Maiti haiwezi kuondoka bila neno la mkubwa." Akamwekea kipaza sauti mkononi.

Hapo ndipo Mheshimiwa alipoponzwa. Alikuwa mtu ambaye kipaza sauti kikimgusa, ulimi unaondoka bila yeye. Alianza kwa maneno machache ya kujitoa aibu, halafu akayapenda, akaongeza. Akasema Chambuso alikuwa ngao na kijiko cha taifa. Akasema alikula bila kujali maisha yake. Akalia machozi ya kweli. Alipofika mwisho alikuwa hawezi kujizuia, akasema redioni, mbele ya nchi nzima: "Bwana Chambuso ametutoka."

Bi Tunu akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu zahanati.

Chini ya shuka sauti ikauliza, "Wamemaliza kuku?"

"Nyamaza, maiti," akasema Mama Sikitu.

Mpimaji mmoja akainua mkono, akauliza kupitia mkalimani marehemu amekufa na nini. Mheshimiwa akashtuka. Akaona alichokisema. Angeweza kukanusha, lakini serikali ile ilikuwa haijawahi kukanusha kitu, hata siku ilipotangaza kwamba kesho ni jana. Kisha akaliona swali lenyewe lilivyo tamu.

"Sukari," akasema, akivuta kifua. "Ya kisasa kabisa."

Wapimaji wakatazamana kwa huzuni, wakaandika. Na nchi ikapewa kiti chenye egemeo. Walisema ni ili mtu apate pa kuegemea.

*

Chambuso akabebwa kitandani mpaka kwake, akashushwa mlangoni, akaingia ndani kwa miguu yake miwili. Kuanzia siku hiyo akawa marehemu rasmi. Asubuhi alikula uji wa dona usio na sukari, mchana mlenda, jioni kisamvu. Alirudi kuchimba visima. Dokta Hiza alimfuata nyumbani na dawa, akiziita ubani.

Ofisa Harufu alikuja mara moja. "Nani anakula mlenda humu?"

"Marehemu," akasema Bi Tunu.

Ofisa akachungulia, akamwona Chambuso na kijiko. "Shikamoo marehemu."

"Marahaba. Kuna sheria ya chakula cha wafu?"

Ofisa akafikiri sana, mpaka jasho likamtoka. Hakuipata. Akaomba kuonja kidogo, kwa ajili ya uchunguzi, akaonja mpaka chungu kikaisha.

Kidonda kikaanza kukauka pembeni, kikasinyaa polepole, kikafunga. Chambuso alipotembea mpaka kisimani na kurudi bila kuchechemea, Bi Tunu alimtukana matusi matamu ambayo sitayarudia mbele ya watoto.

Habari hazifichiki. Jirani mwenye presha akaja kuuliza namna ya kufa. Akaja mwalimu mkuu, miguu imevimba. Akaja mkuu wa polisi na mabinti wote wanne. Watu wa Kilimani walilia mpaka sauti zikakauka, ikabidi walie kwa zamu, na walipougua wao, watu wa Bondeni wakapanda kuwalilia. Mheshimiwa Lukanda alitangaza kila kifo kwa furaha, maana kila kimoja kilikuwa cha kisasa. Mitaa ikajaa marehemu wanaotembea jioni kunyoosha miguu. Mchicha ukaota hadi kwenye mitaro.

Asubuhi moja Bi Tunu akasikia mtu anahema mlango wa uani. Akafungua. Alikuwa Mheshimiwa Lukanda, viatu mkononi kwa sababu havimwingii tena, amefuatana na mtu wa redio, maana hakuwa anakwenda popote bila yeye. Mama Sikitu alikuwa jikoni, amekuja kuiba minofu, akakuta hakuna.

"Kuna nafasi?" akauliza Mheshimiwa.

"Ya nini?" akasema Mama Sikitu.

"Mtani, usinitese. Nasikia moyo unapiga masikioni. Dokta Hiza amenipima mara mbili, mara ya pili akafunga dirisha."

Chambuso akatoka ndani, akamvutia kigoda. "Kaa, Mheshimiwa. Shida ni moja. Vifo vyote unatangaza wewe. Cha kwako atatangaza nani?"

Mheshimiwa akakaa. Alifikiri huku anakitazama chungu kilichokuwa jikoni, kisamvu kinachemka na nazi kidogo, harufu inazunguka uani. Kisha akanyoosha mkono kwa mtu wa redio, akapokea kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mimi, Waziri wenu wa Ukuaji, nimefariki asubuhi hii. Nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa..." Akasita. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, hotuba ilimwishia. "Mtani," akasema, "nipakulie."

Mama Sikitu akampakulia kidogo tu, kwa uchoyo wa kiutani. Kipaza sauti hakuna aliyekumbuka kukizima, na nchi nzima ikatega sikio kwenye redio, ikimsikiliza marehemu akitafuna.